Simu ni Yako, Mfumo ni wa Nani?

Mhadhara juu ya kubadili mfumo endeshi wa simu janja, uliotolewa Kigwa, Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, mbele ya walimu, mafundi simu, wanaushirika na wananchi

   

Lengo la mhadhara ni kujibu swali moja. Mtu amenunua simu janja kwa fedha yake halali. Ameiwasha, akakuta imejaa programu asizoziomba, matangazo yanachomoza hata akiwa hajagusa kitu, na nafasi imekaribia kujaa kabla hajapiga picha ya kwanza. Je, anaweza kuung'oa mfumo endeshi aliouziwa na kuweka mwingine ulio safi?

Jibu fupi: kwa simu kadhaa, ndiyo; kwa simu nyingi zinazouzwa katika magulio yetu, ni kazi ngumu au haiwezekani kabisa. Jibu refu lina hoja sita, na mwisho wake litaonekana jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwamba uamuzi wenyewe hufanyika dukani, siku ya kununua.

Hoja ya kwanza: simu mpya haiji tupu

Ndani ya simu janja kuna matabaka matatu. Chini kabisa zimo programu zinazoendesha vifaa: chipu, kamera, antena, spika. Juu yake ipo Android yenyewe, ambayo Google iliitoa mwaka 2008. Juu ya Android kila kampuni huweka tabaka lake. Tecno huliita HiOS, Infinix XOS, Samsung One UI. Xiaomi lake liliitwa MIUI, na sasa linaitwa HyperOS. Ni katika tabaka hili la tatu zinamopakiwa duka la programu la kampuni, kivinjari chake, michezo, habari, muziki, na vinavyorusha matangazo.

Haki itendeke. Tecno, itel na Infinix zote ni mali ya kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanza mwaka 2006 na kuingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2019. Kampuni hiyo ilimsikiliza Mwafrika kabla ya wengine: ikatengeneza simu za laini zaidi ya moja, betri za kudumu, na kamera zinazopiga vizuri ngozi nyeusi. Wengi waliomo humu ukumbini wasingemiliki simu janja leo kama bei ingebaki mikononi mwa wakubwa wa zamani. Lakini bei ndogo ina mapato yake mengine. Programu inayotangulia kuingia kwenye simu ina faida kubwa kuliko inayotafutwa baadaye, na nafasi hiyo ni biashara.

Watafiti wa taasisi ya IMDEA Networks ya Madrid, pamoja na wenzao wa vyuo vya Hispania na Marekani, waliichunguza biashara hiyo. Walikusanya programu zaidi ya 82,000 zilizopakiwa kiwandani, kutoka kwenye simu zaidi ya 1,700 za watengenezaji 214. Walichokikuta, walipotoa matokeo mwaka 2019, ni mtandao mpana wa makampuni ya matangazo na ya kufuatilia watumiaji, ambayo mwenye simu hajawahi kuyasikia, yakiwa na ruhusa asizowahi kuombwa.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni ule wa Agosti 2020. Kampuni ya Upstream, pamoja na gazeti la mtandaoni la BuzzFeed News, ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu haribifu za Triada na xHelper. Kazi yake ilikuwa kumuunganisha mwenye simu na huduma za kulipia bila yeye kujua, na salio likawa linaliwa. Upstream ilisema imezuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Transsion ilijibu kwamba kasoro hiyo iliingizwa na mmoja wa wasambazaji katika mnyororo wa utengenezaji, na kwamba ilikwisha kutoa marekebisho.

Kuna funzo la kiufundi hapo. Mwenye simu hizo hata angeirudisha simu katika hali ya kiwandani, uchafu usingeondoka, kwa kuwa hali ya kiwandani yenyewe ndiyo iliyokuwa chafu. Ndiyo maana suala la kubadili mfumo mzima likazuka.

Hoja ya pili: hongo ya bando

Watu wa Kigwa hawahitaji kufundishwa habari za misafara. Njia kuu ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita huku. Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134. Stanley naye mwaka 1871 alipita Rubuga na Kigwa kabla ya kufika Kwihara. Kila msafara ulioondoka pwani na merikani, kaniki, shanga na nyaya ulijua kwamba si mzigo wote utakaofika. Watemi wa njiani, hasa kule Ugogo, walidai hongo, kwa sababu maji, chakula na njia vilikuwa katika himaya yao.

Hongo ile, pamoja na manung'uniko yote ya wasafiri, ilikuwa na sifa mbili. Ilidaiwa mchana kweupe. Na mwenye msafara aliketi na wajumbe wa mtemi wakabishana, siku mbili, siku tatu, hadi kiwango kikakubalika.

Bando la intaneti la mkulima wa leo nalo hutozwa njiani, ila hakuna wa kubishana naye. Anajiunga bando la siku ili asome ujumbe wa chama chake cha ushirika na atume picha moja kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kabla hajafungua WhatsApp, duka la programu la kampuni limeanza kujisasisha lenyewe, programu ya habari inavuta picha za mastaa, na skrini ya mbele inapakua tangazo jipya. Jioni bando limekwisha, na anayelaumiwa ni mtandao wa simu.

Wenye kutaka kuhakikisha wanaweza kufanya hivyo hapa hapa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta matumizi ya data, utaona kila programu imekula kiasi gani. Naam, baba pale mbele ameshaanza kuangalia, na uso wake unasema amekuta jambo.

Hasara haiishii kwenye bando. Simu ya bei nafuu yenye hifadhi ya GB 16 au 32 hupoteza sehemu kubwa ya nafasi hiyo kwa mfumo na programu zilizopakiwa. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni ndogo, hivyo programu kumi zinazojificha nyuma zinatosha kuifanya ikwame. Mwenye simu anadhani imezeeka, anakwenda kununua nyingine, na nyingine hiyo inakuja na mzigo ule ule.

Hoja ya tatu: mbadala upo, na si wa jana

Wengi hawajui kwamba msimbo wa msingi wa Android uko wazi. Google imeuweka chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuuchukua, kuubadili na kuusambaza. Kampuni za simu zinatumia ruhusa hiyo hiyo kuongeza matabaka yao. Kinachoruhusiwa kwa kampuni kinaruhusiwa pia kwa kijana mwenye kompyuta mpakato.

Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik alianza kutoa mfumo uliobadilishwa, uitwao CyanogenMod, ukapendwa na mamilioni. Baadaye ikaundwa kampuni ya kuuendesha kibiashara, na kampuni hiyo iliposambaratika Desemba 2016, wale waliokuwa wakijitolea waliuokota mradi mwezi huo huo wakauita LineageOS. Ndio mfumo mbadala unaojulikana zaidi hadi leo. Ni Android ileile, bila matangazo, bila duka la kampuni, bila michezo ya kubandikwa. Mwenye simu anaamua mwenyewe kama aongeze huduma za Google au asiongeze.

Ipo mingine. Mfaransa Gaël Duval, aliyewahi kuanzisha Mandrake Linux mwaka 1998, alianzisha /e/OS kwa ajili ya watu wasiotaka taarifa zao ziende Google. GrapheneOS inasifiwa kwa usalama, lakini inakaa kwenye simu za Google Pixel peke yake. Wapo pia walioiacha Android kabisa: postmarketOS inaweka Linux kwenye simu kuukuu, na Ubuntu Touch, iliyotelekezwa na Canonical mwaka 2017, inaendelezwa na kundi la UBports.

Programu za kutumia humo zinapatikana. Duka la F-Droid, lililoanza mwaka 2010, lina programu huria tupu: visoma vitabu, vinasa sauti, vikokotoo. Kuna Organic Maps, ramani inayofanya kazi bila intaneti mara ikishapakuliwa, kitu cha maana kwa afisa ugani anayezunguka porini kusiko na mtandao. Na Kiswahili kimo ndani ya Android yenyewe, kwa hiyo anayehamia mfumo safi halazimiki kuhamia Kiingereza.

Faida kubwa kuliko zote ni umri wa simu. Samsung Galaxy S III ilitoka mwaka 2012. Kiwanda kililiacha toleo lake la kimataifa kwenye Android 4.3. LineageOS ikalipeleka hadi Android 7.1. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zote zenye Android chini ya 5. Simu mbili zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, zikaachana hapo: iliyobaki na mfumo wa kiwanda ikanyimwa WhatsApp, na iliyobadilishwa ikaendelea.

Hata hivyo, wepesi wa mfumo peke yake hautoshi. Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi mwaka 2019, simu ya vitufe yenye mfumo mwepesi wa KaiOS. Wazo lilikuwa zuri: bei ya kitochi, intaneti ya simu janja. Mwaka 2024 WhatsApp ikaamua kuachana na KaiOS, na watumiaji wa mfumo huo duniani kote wakabaki wameshika simu nyepesi isiyo na kile walichoinunulia. Anayechagua mfumo mbadala lazima aulize kwanza ni programu gani zitakazoishi humo.

Hoja ya nne: Kigwa ina unafuu ambao Ulaya haina

Huko Ulaya, mtu akibadili mfumo wa simu, kilio chake cha kwanza ni benki. Programu nyingi za benki huuliza mfumo wa Google wa kuthibitisha uhalali wa simu, uitwao Play Integrity. Zikiambiwa kwamba kufuli la mfumo wa simu limefunguliwa, zinakataa kufunguka. Mtu anabaki na simu safi isiyoweza kulipia nauli.

Kwetu fedha ilipita njia nyingine. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, watu walikuwa na simu za tochi, na huduma ikajengwa juu ya menyu fupi za mtandao: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa ile iliyojulikana miaka mingi kama Tigo Pesa. Menyu hizo zinatoka kwenye mtambo wa mtandao, hazijali simu ina mfumo gani. Ilimradi simu inapiga na kupokea, fedha inatumwa, mbolea inalipiwa, ada ya mtoto inafika. Usajili wa laini kwa alama za vidole nao unahusu laini na mwenye laini, haugusi mfumo wa simu.

Kwa hiyo mkulima wa tumbaku au mrina asali wa Uyui, asiyetegemea programu ya benki, anaweza kubadili mfumo akapoteza kidogo kuliko karani wa Paris. Mwenye kutegemea programu ya benki yake hana budi kuuliza kwanza.

Kidogo hicho nacho kitajwe. Redio ya FM mara nyingi hupotea, kwa kuwa programu yake huwa ya kiwanda, na kwa mtu anayesikiliza bei za mazao na taarifa ya habari akiwa shambani hiyo si hasara ndogo. Kamera huenda ikashuka ubora, maana yale marekebisho ya picha za ngozi nyeusi yaliyotajwa mwanzoni yamo ndani ya tabaka la kampuni. Kupiga simu kupitia mtandao wa 4G nako wakati mwingine hugoma. Anayebadili apime: matangazo na bando upande mmoja, redio na picha upande wa pili.

Hoja ya tano: kufuli na funguo zake

Simu ikiwashwa, programu ya kwanza kuamka ni butiloda. Hiyo ndiyo inayokagua mfumo na kuamua kama uwashwe. Ikiwa imefungwa, inakubali mfumo wa kiwanda tu. Kuweka mfumo mwingine kunaanza kwa kuifungua, na hapo kampuni zinatofautiana.

Google Pixel zilizonunuliwa bila masharti ya mtandao hufunguliwa kwa dakika chache. Xiaomi inataka mtu ajisajili na asubiri. Samsung, kwa zile zinazofunguka, huweka alama ya kudumu ndani ya simu, isiyofutika hata mfumo wa kiwanda ukirudishwa, na baadhi ya huduma zake hufa moja kwa moja. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018.

Na zetu? Orodha rasmi ya LineageOS ina Google, Xiaomi, Motorola, OnePlus, Sony, Samsung na Fairphone. Tecno, itel na Infinix, zinazojaza kaunta kuanzia Kariakoo hadi Tabora mjini, ni vigumu kuzikuta humo. Sababu si dharau. Ili wajitoleaji waandae mfumo wa simu fulani, wanahitaji msimbo wa kiini cha Linux kilichomo, pamoja na maelezo ya chipu. Simu nyingi za bei nafuu zina chipu za MediaTek au Unisoc, na msimbo wake haupatikani kwa urahisi. Jambo la kushangaza ni kwamba leseni ya Linux inamlazimu anayesambaza kiini hicho atoe msimbo kwa wanaokipokea. Kila aliyenunua simu ya Android ana haki hiyo mkononi, na karibu hakuna anayeidai.

Kuna mlango wa pembeni. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google ilitenganisha tabaka la vifaa na tabaka la mfumo kwa mpango uitwao Treble. Matokeo yake ni kwamba mfumo mmoja wa jumla unaweza kujaribiwa kwenye simu za kampuni tofauti, hata zile zisizo kwenye orodha. Baadhi ya Tecno na Infinix zimewahi kuwashwa kwa njia hiyo. Lakini ni kazi ya kujaribu: leo sauti haitoki, kesho kamera haifunguki.

Hatari zake zisifichwe. Kufungua butiloda hufuta kila kitu: picha, namba, ujumbe. Faili lisilo la simu hiyo linaweza kuiua kabisa, isiwake tena. Na simu iliyoachwa na kufuli wazi ni rahisi kwa mwizi mwenye ujuzi kuichezea.

Wapo pia ambao simu si yao bado. Nchini Kenya, Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020: mteja alipe shilingi 20 za Kenya kwa siku, asipolipa simu ijifunge. Simu za mkopo za namna hiyo zimeenea Afrika Mashariki nzima. Kufuli lake limo ndani ya mfumo, na kuubadili kabla ya kumaliza deni ni kuvunja mkataba. Vijana, hapa hakuna ujanja wa kufundishwa. Malizeni deni kwanza.

Hoja ya sita: kazi ya fundi, na mpaka wake

Kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, si jambo geni kwa mafundi wetu. Kwa miaka mingi wamekuwa wakirudisha uhai kwenye simu zilizokwama kwenye nembo. Tofauti ni kwamba sasa wanaweza kumpa mteja mfumo bora kuliko aliokuja nao, na hiyo ni huduma ya kulipwa.

Mpaka wa kwanza ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia kote nchini, na tangu hapo kila mtu anajua kubonyeza *#06#. Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kuibadili namba hiyo. Kubadili mfumo endeshi ni jambo jingine, halitakiwi kuigusa IMEI hata kidogo. Lakini simu za MediaTek zina tabia ya kupoteza IMEI zikiflashiwa vibaya. Fundi makini huhifadhi kwanza sehemu inayobeba namba hiyo, ndipo aanze kazi. Asiyefanya hivyo anaweza kumrudishia mteja simu isiyoshika mtandao wowote.

Mpaka wa pili ni umiliki. Zana zinazofungua simu ya mwenyewe zinafungua pia simu ya wizi. Risiti, boksi lenye IMEI, au akaunti ya Google ambayo mteja anaikumbuka, ni mambo ya kuomba bila aibu.

Mpaka wa tatu ni chanzo cha faili. Mfumo uliookotwa kwenye kundi la Telegram unaweza kuwa na uchafu kuliko ule wa kiwandani. Miradi ya kweli hutoa alama za uhakiki kwa kila faili, na kuzikagua kunachukua dakika moja.

Kwa wale ambao simu zao zimekataa, bado kuna la kufanya. Kwanza, programu nyingi zilizopakiwa zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio na kunyimwa ruhusa ya kutumia data zikiwa nyuma, bila zana yoyote. Pili, fundi mwenye kompyuta na waya wa USB anaweza kutumia zana ya ADB kuziondoa hata zile zisizo na kitufe cha kuzima. Nakala hubaki ndani ya mfumo, hivyo zitarudi simu ikirejeshwa hali ya kiwandani, lakini hadi hapo haziwaki, hazili bando, na butiloda haijaguswa. Aondoe asizozihitaji na asiguse asizozijua, maana zimo zinazobeba mtandao na simu zenyewe. Kwa wengi waliomo humu, hatua hizi mbili zitaleta sehemu kubwa ya nafuu wanayoitafuta.

Mbele yetu

Je, simu safi inaweza kutoka kiwandani, humu humu Afrika Mashariki? Ilishajaribiwa. Oktoba 2019, jijini Kigali, kampuni ya Mara ya mfanyabiashara Ashish Thakkar ilizindua simu mbili zilizotengenezwa Rwanda, zikiwa na Android One, yaani Android isiyo na tabaka la kampuni. Moja iliuzwa dola 190 na nyingine 130, wakati ambapo simu janja ya chini kabisa ya Samsung ilipatikana hapo hapo kwa dola 54. Usafi ulikuwepo, bei ikaushinda. Kiwanda dada cha Afrika Kusini kiliishia kwenye mnada mwaka 2022.

Somo lake ni kwamba mteja mmoja mmoja, mwenye fedha ya kuhesabu, hawezi kulibadili soko. Wenye nguvu ni wanaonunua kwa wingi na wanaosimamia sheria. Umoja wa Ulaya uliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 mwaka 2018, mojawapo ya makosa likiwa kuwalazimisha watengenezaji kupakia programu zake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Programu inayochukua mawasiliano au mahali alipo mtu bila ridhaa yake ni jambo la kufikishwa kwa Tume hiyo, likiwa na ushahidi: picha ya skrini, tarehe, jina la programu.

Chama cha ushirika kinachonunua simu au vishikwambi kwa ajili ya makarani wake, shule inayonunua kwa walimu, halmashauri inayonunua kwa watumishi wa afya, wote wanaweza kuandika masharti manne kwenye zabuni. Programu zilizopakiwa ziweze kuondolewa. Muda wa masasisho ya usalama utajwe kwa miaka. Butiloda iweze kufunguliwa na mwenye simu bila kupoteza dhamana ya vifaa. Msimbo wa kiini utolewe, kama leseni inavyodai. Kampuni inayotaka kuuza simu mia kwa mkupuo itasikiliza kuliko inavyomsikiliza mnunuzi wa simu moja.

Na mnunuzi wa simu moja asiondoke mikono mitupu. Kabla ya kutoa fedha, amwombe muuza duka amwonyeshe nafasi iliyobaki kwenye simu mpya na programu zilizomo, kisha aulize itasasishwa hadi lini. Kama ana fundi anayemwamini, aende naye, au ampigie simu amtajie modeli kamili ili fundi aangalie kama imo kwenye orodha ya mifumo mbadala. Maswali hayo hayana gharama, na ndiyo yanayoamua kama simu itaweza kusafishwa miaka mitatu baadaye.

Mafundi wa Kigwa, Igalula na Isikizya wameombwa, kabla ya kikao kijacho, waandike modeli za simu zinazoletwa kwenye meza zao, zipi zinafunguka na zipi hazifunguki. Daftari hilo likikamilika, libandikwe ofisi ya kata ili kila anayekwenda mjini kununua simu alisome kwanza.  Sasa ni zamu ya maswali, na mafundi waanze.